FUNDISHO: ULIMI WETU NA MLANGO WETU

Masomo: Walawi 19:14; 2 Samweli 4:4 na 9:1-13; Marko 2:1-5; Yohana 9:1-3



Fundisho hili ni juu ya ndugu zetu wenye ulemavu: wasioona, wasiosikia, wenye miguu au mikono isiyo na nguvu, wenye ualbino, na wale ambao akili zao zinashika mambo polepole. Kuanzia Kamanyola, Luvungi na Luberizi mpaka Sange na Uvira, hakuna kijiji kisicho na watu hawa. Lakini siku ya ibada, tukiwahesabu walioketi ndani ya nyumba ya sala, tunawaona wachache sana. Tulijiuliza: wengine wako wapi? Jibu tulilolipata lilitutia haya, na ndiyo sababu tunawaandikia.

Tunawaomba msome fundisho hili pamoja, katika familia na katika vikundi vya maombi, mkiwa na Biblia mkononi.

1. AMRI MBILI KATIKA AYA MOJA

Fungueni Walawi 19:14. Hapo Mungu anakataza mambo mawili. La kwanza, kumlaani mtu asiyesikia. La pili, kuweka kikwazo mbele ya mtu asiyeona. Kisha anatuambia tumwogope yeye.

Tutazame vizuri. Mtu asiyesikia hawezi kusikia tusi lako. Basi ukimtukana, nani amesikia? Mungu amesikia. Mtu asiyeona hawezi kujua nani aliweka jiwe njiani. Basi akianguka, nani amekuona? Mungu amekuona. Ndiyo maana aya inamalizika kwa hofu ya Mungu. Mambo haya mawili tunaweza kuwaficha wanadamu, lakini yeye hatuwezi kumficha.

Amri ya kwanza ni ya ulimi. Amri ya pili ni ya njia na mlango. Mungu ameziweka katika aya moja, nasi tusizitenganishe. Mtu mwenye maneno matamu ambaye nyumba yake haiingiliki ametimiza nusu. Na mtu aliyejenga njia nzuri lakini anawaita watu kwa majina ya dharau, naye ametimiza nusu. Katika Kumbukumbu la Torati 27:18 yule anayempoteza asiyeona njiani amelaaniwa, na watu wote waliitikia Amina. Nasi tunaosoma neno hilo na kuitikia Amina tumejifunga kwa kinywa chetu.

2. MTOTO ALIYEANGUKA WAKATI WA KUKIMBIA

Sasa someni 2 Samweli 4:4. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na umri wa miaka 5. Habari mbaya ya vita ilifika: Sauli na Yonathani wamekufa. Mlezi wake alimbeba akakimbia. Katika haraka ile mtoto alianguka, na tangu siku hiyo miguu yake haikupona.

Ndugu zangu, nani katika bonde la Ruzizi haijui mbio hiyo? Tuliikimbia mwezi wa 10 mwaka 1996, vita vilipoanza huku kwetu. Tuliikimbia tena mara nyingi baada ya hapo. Mwezi wa 12 mwaka 2025, vita viliposhuka bondeni mpaka Uvira, maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi, wengine bila hata sufuria. Tunajua mama anayembeba mtoto mgongoni, godoro kichwani, na mwingine mkononi. Tunajua pia jambo ambalo hatupendi kulisema: wako walioachwa nyumbani kwa sababu hawakuweza kukimbia, na hapakuwa na mtu aliyepangwa kuwabeba.

Mefiboshethi hakuzaliwa hivyo. Hakulaaniwa wala hakurogwa. Vita vilimvunja miguu. Kwetu pia ulemavu mwingi una sababu inayojulikana. Wengine ni risasi na mabomu. Wengine ni moto: tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka pale Sange, watu zaidi ya 230 wakafa, na wako waliopona wakibaki na makovu. Wengine ni polio, kwa sababu mtoto hakupata matone ya chanjo. Wengine ni sindano iliyochomwa mahali pasipofaa, ikaharibu mshipa wa fahamu wa mguu. Wengine ni ugonjwa wa konzo, unaofunga miguu ghafla, unaowapata watu wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha. Wengine ni homa ya uti wa mgongo, inayoweza kumwachia mtoto masikio yasiyosikia.

Tukijua sababu, tutaacha kutafuta mchawi katika kila nyumba yenye mtoto mlemavu. Mama wa mtoto huyo amebeba mzigo wa kutosha. Tusimwongezee mzigo wa mashitaka yetu.

3. SIBA ALITAJA MIGUU, DAUDI ALITAJA JINA

Miaka ilipita, na Daudi akawa mfalme. Aliuliza kama yuko mtu aliyebaki wa nyumba ya Sauli, ili amtendee mema kwa ajili ya Yonathani. Mtumishi Siba alijibu. Someni 2 Samweli 9:3 kwa uangalifu. Siba alisema yuko mwana wa Yonathani, na mara akataja miguu yake. Jina lake hakulitaja.

Halafu someni aya ya 6. Yule mtu alipofika mbele ya mfalme, neno la kwanza la Daudi lilikuwa nini? Lilikuwa jina lake: Mefiboshethi. Siba alileta habari ya miguu, Daudi alimpokea mtu.

Tujipime hapa. Katika parokia zetu tunasikia: "yule kilema wa kwa mama fulani", "mwite yule bubu", "kipofu wa pale barazani". Mtu ameishi nasi miaka 10, ameleta sadaka yake, ameimba nasi, na bado hatujui jina lake. Hiyo ni lugha ya Siba.

Tena tutazame aya ya 8. Mefiboshethi anajiita mwenyewe mbwa mfu. Neno hilo alilipata wapi? Mtu aliyeitwa vibaya tangu utoto mwishowe anajiita vibaya mwenyewe. Anaketi chini kabla ya kuambiwa aketi chini. Ulimi wa jirani umeingia ndani ya moyo wake.

Sisi wa makanisa yaliyoanzishwa na manabii wa Afrika tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji wazee wa imani waliitwa majina mabaya kwanza, ndipo wakafungwa na kupelekwa mbali. Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921 na kubaki gerezani mpaka kifo chake Elisabethville mwaka 1951, miaka 30. Jina baya ndilo linalotangulia, kamba inafuata.

Katika nchi ya Tanzania waliona jambo hilo kwa uchungu mkubwa. Watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa kwa sababu ya imani za kichawi, na wale wauaji walikuwa na neno lao la biashara: waliwaita "dili". Mtu akishaitwa mali ya kuuzwa, panga haliko mbali. Lakini katika nchi ileile, mwaka 2010, wananchi wa Lindi walimchagua Salum Barwany, mtu mwenye ualbino, awe mbunge wao. Hapo tunaona ulimi unavyoweza kuua na unavyoweza kuinua.

Basi tuseme namna gani? Tunatoa shauri hili:

Badala ya "kilema", tuseme mtu mwenye ulemavu.
Badala ya "kiwete", tuseme mtu mwenye ulemavu wa miguu.
Badala ya "kipofu", tuseme mtu asiyeona.
Badala ya "bubu", tuseme mtu asiyesema, au asiyesikia kama ndivyo alivyo.
Badala ya "zeruzeru", tuseme mtu mwenye ualbino.
Badala ya "mjinga" au "mwendawazimu", tuseme mtu mwenye ulemavu wa akili, au mgonjwa wa akili. Hayo mawili si kitu kimoja. Wa kwanza anashika mambo polepole tangu utoto, wa pili amepatwa na ugonjwa ambao mara nyingi una dawa.
Badala ya "watu wazima na vilema", tuseme wasio na ulemavu na wenye ulemavu.

Mmoja atauliza: "Mbona Biblia yetu ina maneno kama kipofu na kiwete?" Swali ni zuri. Waliotafsiri walitumia maneno ya siku zao, na hatutayafuta. Tutasoma Maandiko jinsi yalivyo, lakini tukimwita jirani tutamwita kwa heshima. Mwingine atasema kwamba maneno hayo yanaanza kwa "ki" kama kitu na kisu, ndiyo maana ni mabaya. Lakini hata kijana na kiongozi yanaanza hivyo, wala hakuna anayekasirika. Ubaya uko katika dharau ambayo vinywa vyetu vimetia ndani ya neno.

Tena tusiwe watu wa kushika orodha bila upendo. Wako ndugu wasiosikia ambao wanalipenda neno kiziwi na kulivaa kwa fahari. Chama chao cha Tanzania kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Kwa hiyo njia iliyo salama ni kumwuliza mtu mwenyewe: "Ndugu, unapenda tukuite namna gani?" Mara nyingi atajibu: "Niite kwa jina langu."

4. "NINA SHIDA NA NGAZI ZENU"

Sasa tuingie katika amri ya pili. Tuwaambie kosa letu wenyewe. Tunamjua papa mmoja anayekwenda kwa kinga ya magurudumu matatu, ile inayozungushwa kwa mikono. Kila siku ya ibada alikaa nje, chini ya mwembe, karibu na dirisha. Tulimsifu. Tulisema, "Papa huyu ni mnyenyekevu, anapenda kukaa peke yake na Mungu." Tulisema hivyo muda mrefu. Siku moja kijana mmoja alimwuliza kwa nini haingii. Alijibu: "Ngazi zenu ni tatu. Kwa Mungu sina shida. Nina shida na ngazi zenu."

Jibu lile lilituchoma moyo. Tulikuwa tumegeuza kosa letu kuwa wema wake.

Someni Marko 2:1-5. Watu wanne walimbeba mwenzao asiyeweza kutembea, wakakuta mlango umejaa. Walipanda juu wakafungua dari. Kila mara tunawasifu wale wanne, na ni haki. Lakini tuulize pia: wale waliojaza mlango walikuwa nani? Walikuwa wasikilizaji wa Neno. Walipenda fundisho hata wakafunga njia ya aliyelihitaji. Wengi wetu tuko katika kundi hilo.

Basi twende kwa wajenzi. Vipimo hivi vinatumiwa na mafundi katika nchi nyingi, wala havihitaji fedha nyingi:

a) Njia ya mteremko mahali pa ngazi. Kwa kila kimo cha santimetre 1, njia iende mbele santimetre 12. Ngazi moja ikiwa na kimo cha santimetre 15, ngazi tatu ni 45. Zidisha kwa 12, utapata 540. Basi njia yenu iwe na urefu wa metre 5 na santimetre 40. Mkiifanya fupi, itakuwa kali, na mtu atarudi nyuma na kuanguka. Mbao mbili zilizolazwa juu ya ngazi si njia, ni mtego. Upana usipungue santimetre 90, na santimetre 120 ni bora. Pembeni wekeni ukingo ili gurudumu lisitoke. Kama simenti haipo, tumieni mawe na udongo ulioshindiliwa vizuri, na kuutengeneza tena baada ya mvua.

b) Mbele ya mlango, mahali tambarare pa metre 1 na nusu kila upande, ili mwenye kiti cha magurudumu aweze kugeuka.

c) Mlango wenye nafasi ya santimetre 80 mpaka 90. Kizingiti kiondolewe au kisawazishwe.

d) Ndani, nafasi iachwe kati ya viti, tena katikati ya watu wengine. Kuwapanga wenye ulemavu wote kwenye kona moja ni kuwatenga kwa adabu.

e) Choo. Wengi wanakosa ibada kwa sababu ya choo, lakini wanaona haya kusema, hasa wamama. Fanyeni kiti cha mbao chenye tundu katikati, kiwekwe juu ya shimo. Wekeni mti imara wa kushika ukutani. Mlango ufunguke kwa nje.

f) Njia ya kutoka barabarani isiwe na mashimo, mawe wala kuni zilizotupwa. Asiyeona anaijua njia kwa kumbukumbu na kwa fimbo yake. Ukihamisha benchi bila kumwambia, umeweka kile kikwazo cha Walawi.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi. Katika makanisa mengi ya kinabii tunavua viatu mahali patakatifu. Wako waliomzuia mtu mlangoni kwa sababu ya gongo, kiatu cha chuma au magurudumu yenye matope. Ndugu zangu, gongo si kiatu. Magurudumu si viatu. Hiyo ndiyo miguu yake. Chukueni kitambaa na maji, mkayafute kwa upole, kisha mwingie pamoja.

Na kwa wasiosikia, mlango ni mikono na uso. Anayewaeleza mahubiri kwa ishara asimame penye mwanga, mahali wote wanapomwona. Mwenye kuhubiri asifunike kinywa kwa kitabu. Kupiga kelele sikioni hakusaidii, kunaaibisha tu. Kuhusu ndugu hawa tumkumbuke Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza kusikia akiwa na umri wa miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo. Shule yake ya kwanza ya wasiosikia katika Afrika aliianzisha Ghana mwaka 1957, na baadaye nyingine katika nchi nyingi, hata hapa Kongo. Alikufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda, jirani zetu, tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka 1987. Mtu ambaye wengine wangemwita wa kuhurumiwa alikuwa mwalimu wa maelfu.

5. JE, TUSIOMBEE UPONYAJI?

Tunajua swali hili liko mioyoni mwenu. Sisi ni watu wa maombi. Tunaamini kwamba Mungu anaponya, na hatutaacha kuamini. Lakini tusome tena 2 Samweli 9:13. Sura inamalizika namna gani? Mefiboshethi anakaa Yerusalemu, anakula siku zote mezani pa mfalme, na bado miguu yake yote miwili ni ile ile. Mfalme hakumwambia apone kwanza, ndipo aketi. Alimpa kiti akiwa vile alivyo.

Hapa ndipo tumekosea sana. Tumewapokea wenye ulemavu kama watu wa kuombewa tu. Tunawaita mbele, tunaweka mikono, tunapiga kelele, na wasiposimama tunawaambia, "Huna imani," au "Kuna dhambi nyumbani mwenu." Wanafunzi wa Yesu walisema hivyo hivyo katika Yohana 9, wakatafuta mwenye kosa, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Kama yeye alikataa, sisi tumepata wapi ruhusa ya kusema?

Kwa hiyo tushike mambo haya. Tusimvute mtu mbele ya watu bila kumwuliza. Akiomba maombi, tuombe naye kwa utulivu. Tusimwambie atupe gongo lake wala aache dawa yake. Na tusimngojee apone ndipo tumpe kazi katika kanisa. Anaweza kuimba, kufundisha, kuandika hesabu, kuhubiri leo.

Pia maombi hayakatazi hospitali. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda anaweza kunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila juma, kama akipelekwa mapema. Mzee mwenye mtoto wa jicho anaweza kuona tena kwa operesheni. Kule Bukavu kituo cha Heri Kwetu kimejulikana miaka mingi kwa kazi yake kati ya watu wenye ulemavu. Anayemficha mtoto ndani kwa haya anamfungia mlango huo. Na matone ya polio tuyapokee, wala tusiyakimbie.

6. SHERIA YA NCHI NAYO INASEMA

Wengine watadhani haya ni mawazo ya kanisa tu. Hapana. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kulingana na mahitaji yao. Mwaka 2015 nchi yetu iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki zao, mapatano ambayo kifungu chake cha 9 kinahusu majengo, njia na habari zinazofikiwa na wote. Tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 ilitolewa sheria nambari 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki hizo. Na tazameni sheria hiyo inavyosema: inamtaja mtu anayeishi na ulemavu. Mtu anatangulia.

Jirani zetu wa Kenya, katika katiba yao ya mwaka 2010, kifungu cha 54, waliandika kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Waandishi wa katiba waliona kwamba ulimi unahitaji sheria. Je, kanisa lingojee serikali ilifundishe upendo?

7. MAMBO YA KUFANYA KUANZIA JUMA HILI

Tunaomba kila parokia ifanye mambo manne.

Kwanza, mashemasi waandike majina ya wote wenye ulemavu katika eneo lao, hata wale wasiotoka nyumbani. Waandike jina la mtu, kisha msaada anaohitaji, kama yeye mwenyewe atausema.

Pili, wazee watembee kutoka barabarani mpaka mimbarini na mpaka chooni pamoja na mtu mwenye ulemavu, naye aonyeshe kila kizuizi. Yeye ndiye mwalimu siku hiyo. Mafundi na vijana waanze na ngazi.

Tatu, matangazo ya ibada yasiwe na majina ya dharau. Yule anayekosea asahihishwe kwa upole, bila kuchekwa. Wote tunajifunza.

Nne, na hili ni la maisha na kifo: kila mtu asiyeweza kukimbia apewe nyumba mbili za jirani zitakazomchukua hatari ikija. Zikubaliane mapema nani atambeba au kusukuma kinga yake, nani atachukua gongo, fimbo au dawa. Asiyesikia hatasikia risasi wala kelele, basi mmoja apangwe kwenda kumgusa na kumpa ishara. Asiyeona ashike mkono wa mwenzake juu ya kiwiko na kuufuata, asivutwe kama mbuzi. Tukipanga wakati wa utulivu, hatutaulizana baadaye, "Papa yule tulimwacha wapi?"

Daudi hakungoja Mefiboshethi apate njia ya kuja. Alituma watu kule Lo-debari, nyumbani kwa Makiri, wakamleta. Nasi tutume.

Yule papa wa mwembe sasa ana njia ya udongo na mawe aliyotengenezewa na vijana. Haijawa nzuri sana, na mvua inaila kila mwaka. Lakini anaingia. Siku ya kwanza alipoingia tuligundua jambo ambalo hatukulijua: ana sauti ya chini nzuri sana, na kwaya ilikuwa imeikosa miaka yote ile.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Katika Walawi 19:14, kwa nini Mungu ameweka ulimi na njia pamoja?
2. Siba na Daudi walimtaja mtu mmoja kwa namna mbili. Sisi tunafanana na nani tunapotoa matangazo?
3. Nani katika kijiji chetu hajaingia katika nyumba ya sala, na ni kizuizi gani kinachomzuia?
4. Je, tumewahi kumwambia mgonjwa au mlemavu kwamba hana imani? Tutakwenda kumwomba msamaha namna gani?
5. Kama tungekimbia usiku huu, nani angebaki? Nani atambeba?

Tuombe: Ee Mungu Baba, utusamehe maneno tuliyosema mbele ya wasiosikia, nawe ukayasikia. Utusamehe mawe tuliyoacha mbele ya wasioona, nawe ukayaona. Utupe ulimi unaoita watu kwa majina yao, na milango inayopitika na watoto wako wote. Amina.